Dawa ya Saratani na Wakazi wa Utumbo

Mtu wa Langoni, mtaa wa kusini wa mji wa Lamu, akitakiwa kwenda Mombasa kwa matibabu ya saratani, hana budi kuvuka maji mpaka Mokowe, kisha ashike njia ndefu ya bara. Arejeapo, huenda kimsumbuacho njiani kisiwe uvimbe wenyewe bali tumbo: ama laharisha, ama limefunga. Wapo waonao haya kulisema jambo hilo, na wapo waachao dawa wakidhani imewadhuru bure. Basi yafaa tuulize: dawa ya uvimbe wa titi au wa taya yaingiaje katika mambo ya tumbo? Historia inalo jibu, na sehemu yake ilianzia hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Hugh Trowell alimwonyesha daktari mpasuaji Denis Burkitt mtoto aliyevimba mataya. Mwaka 1958 Burkitt aliandika habari za saratani hiyo, ambayo leo yaitwa kwa jina lake. Kisu hakikufaa, maana uvimbe ulikuwa mahali pengi mwilini. Akajaribu dawa, na baadhi ya watoto wakapona. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu saratani hiyo, nacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Mojawapo ya dawa zilizotumiwa ni vinkristini, itokayo katika mmea mdogo wa maua wa kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska. Dawa nyingi za saratani hushambulia chembe za mwili zinazozaliana upesi. Saratani huzaliana upesi. Lakini utando wa ndani ya utumbo nao hujifanya upya kila baada ya siku chache. Dawa haina macho ya kubagua. Vinkristini, zaidi ya hayo, hudhoofisha neva ziendeshazo utumbo, na choo kikafunga.

Tena utumbo una wakazi. Mwaka 1885 daktari Theodor Escherich, huko Munich, alieleza bakteria aliowaona katika choo cha watoto wachanga. Leo twajua kuwa wamo matrilioni, na wengi wao hutufaa: hula nyuzinyuzi za chakula tusizoweza kusaga, nao hutoa tindikali nyepesi zilishazo utumbo. Burkitt mwenyewe, baada ya kuondoka Uganda mwaka 1966, alishirikiana na Trowell kuhimiza watu wale nyuzinyuzi.

Lakini mkazi mwema aweza kudhuru bila kukusudia. Iko dawa ya saratani ya utumbo mpana iitwayo irinotekani. Ini huifunga sumu yake kwa namna ya sukari, kisha huitupa utumboni pamoja na nyongo. Baadhi ya bakteria huikata sukari hiyo waile, na sumu hufunguka tena ikaujeruhi utumbo. Mwaka 2010 wanasayansi wa Marekani walionyesha kuwa kimeng'enya cha bakteria hao kikizuiwa, bila kuwaua bakteria wenyewe, panya hukingwa na kuharisha. Jaribio hilo lilikuwa la panya, wala halijawa tiba ya kawaida ya hospitali.

Basi tumbo kuchafuka si dalili kwamba dawa imeshindwa, wala si aibu. Ni jambo lenye sababu. Mgonjwa asinyamaze, wala asijinunulie dawa dukani, wala asinywe maziwa mgando kwa kusikia tu kwamba yana bakteria wema, kwa kuwa kinga yake huenda imepungua. Daktari apatapo habari mapema aweza kupunguza kipimo, kubadili dawa au kurudisha maji mwilini. Anyamazaye hupoteza maji na nguvu, na pengine tiba yenyewe.

Nawe, mwanafunzi, huenda ndiwe utakayemsindikiza bibi au mjomba mpaka Mokowe. Mwulize kwa adabu habari za tumbo lake: limeharisha mara ngapi, tangu lini. Yaandike majibu, ukamfikishie daktari.