Gesi ya Haradali na Askari wa Damu

Ukilitazama tone moja la damu yako kwa hadubini, msomaji, utaona chembe nyekundu zimesongamana mfano wa kunde ndani ya pishi, na hapa na pale, mojamoja, chembe nyeupe. Zile nyekundu kazi yake ni uchukuzi: hupeleka hewa mwilini. Hizi nyeupe ni askari. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 4,000 na 11,000 katika milimita moja ya ujazo, nazo huzaliwa ndani ya mifupa, katika uboho. Pasipo hizo, kidonda kidogo cha kidole chaweza kumuua mtu mwenye nguvu.

Habari ya dawa za saratani ilianza pale watu walipowaona askari hao wakifa. Nayo haikuanzia hospitalini, bali vitani.

Katika mwezi wa Julai, 1917, majeshi ya Ujerumani yalirusha makombora ya gesi ya haradali karibu na mji wa Ypres, nchini Ubelgiji. Gesi hiyo iliitwa hivyo kwa sababu ya harufu yake, ingawa wengine walioinusa waliifananisha na kitunguu saumu. Iliunguza ngozi, ikapofusha macho, ikaharibu vifua. Vita vilipokwisha, mwaka 1919, madaktari wawili Wamarekani, Edward na Helen Krumbhaar, waliandika kwamba walioumizwa vibaya na gesi ile walipungukiwa mno na chembe nyeupe, na uboho wao uliharibika. Neno lile lilikuwa kubwa, lakini halikushughulisha wengi, likalala vitabuni zaidi ya miaka ishirini.

Vita vya pili ndivyo vilivyoliamsha. Serikali ya Marekani, ikihofu kwamba gesi itatumika tena, iliwataka wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Yale, Louis Goodman na Alfred Gilman, waichunguze sumu iliyo ndugu ya haradali, yenye naitrojeni mahali pa salfa. Walipompa sungura sumu ile, waliona chembe zake nyeupe zikitoweka na tezi zake zikinywea. Hapo wakajiuliza swali ambalo wewe pia ungeweza kujiuliza. Iko saratani ya tezi, inayoitwa limfoma, ambayo si kitu ila chembe nyeupe zilizoasi, zikazaana bila kipimo. Je, sumu inayomuua askari mwema haitamuua askari mwasi?

Walijaribu kwa panya, uvimbe ukanywea. Kisha, Agosti 1942, walimpa mtu. Mgonjwa huyo alikuwa amevimba shingo na taya hata kula kukawa taabu, na miale ya eksirei haikumfaa tena. Baada ya siku chache uvimbe ulilegea, ukapungua, akaweza kumeza. Furaha hiyo haikudumu. Chembe zake nyeupe nazo zilishuka, uboho ukadhoofika, uvimbe ukarudi, naye akafa kabla ya mwaka kwisha. Kwa kuwa sumu ilikuwa siri ya vita, ulimwengu haukusimuliwa habari hiyo hata mwaka 1946.

Wakati siri hiyo ingali imefungwa, msiba ulitokea Italia. Usiku wa tarehe 2 Desemba, 1943, ndege za Ujerumani zilishambulia bandari ya Bari. Miongoni mwa meli zilizoharibiwa ilikuwako John Harvey, meli ya Marekani iliyobeba kwa siri mabomu 2,000 ya gesi ya haradali. Mabaharia walijirusha katika maji yaliyotapakaa mafuta na sumu, na madaktari waliowapokea hawakujua wanatibu nini. Daktari Stewart Alexander alipelekwa kuchunguza. Katika damu ya majeruhi aliona lile lile: chembe nyeupe zikishuka siku hata siku, na wengine zikitoweka kabisa. Aliandika taarifa yake kwa uaminifu; wakubwa wakaificha kwa miaka mingi.

Kwa nini sumu hii huwaandama askari wa damu? Hushika nyuzi za urithi zilizo ndani ya chembe, hata chembe ikishindwa kujigawa. Basi inaumiza zaidi kila kinachozaana upesi: saratani, mizizi ya nywele, utando wa kinywa, na uboho. Kwa hiyo mgonjwa aliyepewa dawa za namna hii huwa katika hatari kubwa siku saba hadi kumi na nne baadaye, askari wanapokuwa wachache. Homa ndogo, ambayo kwako ni ya kulala na kuamka, kwake ni ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo.

Dawa za ukoo wa haradali zilifika kwetu Afrika Mashariki. Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya uliowaua watoto wengi. Katika miaka ya 1960 watoto hao walitibiwa kwa dawa, mojawapo ikiwa saiklofosfamaidi, mjukuu wa ile sumu ya vita. Baadhi walipona kwa dozi chache mno, na madaktari wakashuku kwamba askari wa mtoto mwenyewe walisaidia kuimaliza kazi.

Shuku hiyo ilikuwa na maana kubwa, maana tangu hapo dawa zimetafutwa za kuwalinda askari na kuwaamsha. Mwaka 1991 Marekani iliruhusu dawa inayouhimiza uboho kuzaa chembe nyeupe upesi baada ya matibabu. Na James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, waliotuzwa Nobel mwaka 2018, walionyesha kwamba askari hao wana breki, na kwamba breki ikiondolewa huishambulia saratani wenyewe. Lakini askari asiye na breki hachagui sana: wagonjwa wengine hushambuliwa matumbo, mapafu, au tezi ya shingo, na daktari hulazimika kuwatuliza tena askari aliowaamsha.