Karibu na Nini?

Lugha yetu ina neno moja lenye mizigo miwili. Mgeni akibisha hodi huitikiwa "karibu", na akiuliza njia huambiwa "ni karibu tu, hapo mbele". Neno ni lile lile, ila la kwanza hupima moyo wa mwenyeji na la pili hupima urefu wa njia. Nimelifundisha darasani miaka mingi bila kulifikiri sana. Aliyenirudisha kwenye neno hilo ni mjukuu wangu, mwaka 2024, tulipokuwa tukijiandaa kumpeleka bibi yake kliniki katika Hospitali ya Muhimbili.

Kijana alikuwa na simu mkononi. Akaniambia, "Babu, nimewapatia hoteli safi, bei nafuu, halafu iko karibu." Nikamwuliza, "Karibu na nini?" Akanitazama kana kwamba masikio yangu yameanza kuniacha. Kisha akajibu, "Karibu na stendi ya Mbezi, Babu. Mkishuka tu kwenye basi, mmefika."

Nikanyamaza. Jibu lile niliwahi kujipa mimi mwenyewe, mwaka 1976.

Mwaka ule nilikuwa mwalimu kijana, na baba yangu alivimba miguu. Daktari wa kwetu Iringa akatuandikia barua ya kwenda Muhimbili. Basi letu lilifika Dar es Salaam usiku. Wakati ule mabasi ya mikoani yalikuwa yakiishia katikati ya mji, na letu lilituteremsha Kisutu. Jirani na hapo palikuwa na nyumba ya kulala wageni. Nikalipia chumba cha siku saba papo hapo, nikajiona mjanja. Hatukubeba mzigo hatua mia.

Asubuhi ndipo nilipoujua ujanja wangu. Kutoka Kisutu hadi Muhimbili si mbali kwa kijana. Ni mwendo wa nusu saa hivi. Lakini mabasi ya UDA yalijaa hadi milangoni, na mzee mwenye miguu ile hakuweza kugombea nafasi. Fedha ya teksi nilikuwa nimeihesabu kuwa nauli ya kurudi nyumbani. Tukaenda kwa miguu. Baba aliketi njiani mara tatu, chini ya miti, akiwa ameshika magoti yake. Tulipofika, foleni ilikwisha kuwa ndefu, na zamu yetu ikaja alasiri. Kesho yake ikawa hivyo hivyo.

Siku ya tatu, tukiwa tumekaa chini ya mti wa pili, baba akaniambia kwa upole, "Mwanangu, umetulaza mlangoni."

Hakulalamika tena baada ya hapo. Alifariki mwaka uliofuata, kwa maradhi ya figo. Sisemi kwamba matembezi yale ndiyo yaliyomwondoa, kwa maana maradhi yake yalikuwa makubwa. Lakini neno lake limekaa nami karibu miaka hamsini. Na kwa kuwa somo langu lilikuwa historia, nililichukua likawa ufunguo wa kuusomea mji ule.

Maana ni kweli: malazi ya Dar es Salaam, tangu zamani, yamejengwa mlangoni. Sultani Majid wa Unguja alipoanza kujenga mji huo katika miaka ya 1860, mlango wake ulikuwa bandari. Wajerumani wakaufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na mwaka 1905 wakaanza kujenga reli ya kati kutoka hapo. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Mlango wa pili ukawa umefunguliwa, jirani na ule wa kwanza. Basi si ajabu kwamba hoteli kubwa ya Wajerumani, Kaiserhof, ilifunguliwa mwaka 1906 mahali ambapo mgeni wa meli na mgeni wa treni wote wangefika kwa mwendo mfupi. Baadaye ikaitwa New Africa. Jengo la zamani lilikuja kubomolewa, na jipya likasimama papo hapo. Hata Hoteli ya Kilimanjaro, iliyofunguliwa mwaka 1965 wakati nchi ilikwisha kuwa huru, ilielekezwa bandarini, ingawa sasa ina jina jingine.

Hapa ndipo maana mbili za "karibu" zilipoachana. Mji wa kikoloni uligawanywa: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Mchukuzi aliyebeba sanduku la Mzungu kutoka stesheni alikuwa karibu na mlango wa hoteli kuliko mtu yeyote. Alifika hadi kizingitini, akautua mzigo, akageuka. Kwa hatua alikuwa karibu, ila hakuna aliyemwambia karibu.

Yeye alilala wapi? Alilala kwa ndugu. Jina la Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya wapagazi: Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, kikosi chao cha wachukuzi, Carrier Corps, kilipiga kambi hapo, na midomo yetu ikaligeuza jina hilo kuwa letu. Katika nyumba za Kiswahili za Kariakoo na Ilala, zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma, mgeni kutoka bara alitandikiwa mkeka. Vilikuwapo vyama vya watu wa kabila moja vilivyosaidiana katika ugonjwa na mazishi. Mgeni hakuuliza hoteli, aliuliza, "Watu wa kwetu wako wapi?" Ukaribu wake ulikuwa wa damu, hata kama kazi aliyoijia ilikuwa mbali.

Nyumba za kulala wageni, zile tunazoziita gesti, nazo zilifuata mlango. Mabasi yalipokuwa yakiishia Mnazi Mmoja na Kisutu, gesti zilijaa Kariakoo na mitaa ya jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 stendi ikahamia Ubungo, na gesti zikaota kama uyoga pande za Ubungo na Shekilango. Mwezi Februari 2021 ikafunguliwa stendi ya Mbezi Luis, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji, na nyumba za wageni zikafuata tena. Gesti ni kama muuza maji: husimama pale wenye kiu wanaposhukia. Simlaumu mwenye nyumba. Anajua kwamba msafiri aliyechoka, gizani, mwenye mzigo, hulipia chumba cha kwanza anachokiona.

Wa kulaumiwa ni sisi wasafiri, na kosa letu ni moja. Tunauchagua mlango kwa sababu akili yetu bado iko safarini. Mimi mwaka ule sikuchagua chumba cha kumtibia baba, nilichagua chumba cha kupandia basi la kurudi. Hofu ya mji ilinifanya nikae karibu na njia ya kutokea. Nilimleta mzee hospitali, kumbe moyoni nilikuwa nimekwisha kuanza kuondoka.

Na milango huhama. Bandari, stesheni, Kisutu, Ubungo, Mbezi: ndani ya maisha yangu tu nimeiona ikihama mara mbili. Lakini Muhimbili iko pale pale Upanga tangu ilipofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret. Wodi yake moja bado ina jina la Sewa Haji, yule tajiri ambaye fedha zake ndizo zilizojenga hospitali ya kwanza ya wananchi mjini mwaka 1897. Mlango wa mji hubadilika, shughuli iliyokuleta haihami.

Kwa hiyo nilimketisha mjukuu wangu na kumpa maswali matatu, kama nilivyozoea kuwapa walimu wanafunzi wangu chuoni. La kwanza: tumeijia kazi gani, na kazi hiyo iko wapi? La pili: inaanza saa ngapi? Maana Dar es Salaam haipimwi kwa kilomita, inapimwa kwa foleni za magari, na kilomita 20 za saa kumi na mbili alfajiri si kilomita 20 za saa mbili asubuhi. La tatu: ninasafiri na nani, na miguu yake inaweza nini? Swali la tatu ndilo lililonishinda mwaka 1976. Nilipima njia kwa miguu yangu mwenyewe.

Kijana ni mwelewa. Akafuta ile ya Mbezi, akatafuta upya. Na kwa vile tunaishi Morogoro, akatukumbusha kwamba treni ya umeme ilikuwa imekwisha kuanza, mwezi Juni mwaka ule ule. Tukapanda treni. Tulishuka katika stesheni mpya, iliyojengwa jirani na ile ya zamani, na mimi mwalimu wa historia nikacheka peke yangu: baada ya miaka mia na zaidi, mlango mmoja wa mji umerudi pale pale Wajerumani walipouweka. Mjukuu alidhani nimefurahia treni. Nilikuwa nimeifurahia pia.

Hatukulala karibu na stesheni. Tulichukua teksi hadi Upanga, kwenye nyumba ndogo ya wageni isiyo na jina kubwa, godoro la kawaida, feni yenye kelele. Bei ilizidi ile ya Mbezi. Mama mwenye nyumba alitupokea mlangoni, akamshika mke wangu mkono na kumwambia, "Karibu mama, hospitali iko hapo tu, karibu." Alilisema neno mara mbili, na mara zote mbili lilikuwa kweli.

Asubuhi tulitoka mapema. Mke wangu alitembea na mkongojo wake, polepole, nami nikawa nahesabu miti ya njiani, naye hajui ninahesabu nini. Tuliipita yote. Hakuketi hata mara moja.