Karakana ya Mang'ula na kompyuta ya kasha la mbao

Kompyuta mpakato ndogo ikivunjika kioo na bawaba, wengi huihesabu kuwa imekufa. Kioo kipya pamoja na ufundi wake mara nyingi hukaribia bei ya mashine nyingine ya mtumba. Fundi akiifungua, hata hivyo, huweza kukuta madabodi, yaani ubao mkuu wa saketi, nzima na diski nzima. Kilichovunjika ni ganda. Basi huitoa madabodi, akaifunga ndani ya kasha la mbao au bati alilolikata mwenyewe, akachomeka skrini, kibodi na mausi, na duka la steshenari likapata kompyuta ya mezani. Kazi hii husifiwa kama ujanja wa dhiki: mtu hana, basi anaungaunga. Sikubaliani na sifa hiyo. Dhiki haikukosekana katika Bonde la Kilombero, Tanzania, hata nyakati ambazo mashine zililala tu zikashika kutu. Historia ya bonde inaonyesha kwamba kifaa kilichokufa hupata kazi mpya pale wanapokuwapo watu waliofundishwa kukifungua, na vipimo vinavyowaruhusu kukiunganisha na kingine.

Ushahidi wa kwanza uko Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, kwenye njia ya kutoka Kidatu kwenda Ifakara. Ujenzi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ulipozinduliwa Oktoba 1970, Wachina waliweka hapo moja ya kambi zao kuu, pamoja na karakana ya mitambo. Vipuri vilivuka Bahari ya Hindi kwa meli, na mtambo ulioharibika kwenye tope la bonde haungeweza kusubiri meli. Mwaka 1971 reli ilifika Mlimba. Mbele yake ilikuwapo sehemu ngumu kuliko zote, mpando wa kwenda Makambako wenye mahandaki na madaraja mfululizo. Vijana wa Kitanzania walifanya kazi bega kwa bega na mafundi wa Kichina, na wengi walijifunza kwa kutazama na kushika, maana lugha ya pamoja ilikuwa haba. Reli ilipokabidhiwa mwaka 1976, kambi ya ujenzi ilikuwa imemaliza kazi yake na ingeweza kuvunjwa tu. Badala yake karakana ile ikageuzwa kiwanda cha umma cha vipuri na zana, Mang'ula Mechanical and Machine Tools. Kiini cha chombo kilichomaliza safari kiliwekwa ndani ya kazi mpya, kama fundi wa kompyuta anavyofanya leo kwa kipimo kidogo. Kiwanda hicho baadaye kilidhoofika, na ubinafsishaji haukukirudishia uhai. Uhitaji wa vipuri haukupungua bondeni wakati huo, lakini haukuzaa kiwanda kingine. Hilo latosha kutia shaka dai kwamba shida peke yake ndiyo mwalimu.

Ushahidi wa pili uko Kidatu. Tawi la Reli ya Kati kutoka Kilosa lilifika hapo katika miaka ya 1960 likiwa na upana wa milimita 1,000. TAZARA ina milimita 1,067, kipimo cha reli za kusini mwa Afrika. Tofauti ya milimita 67 ni pungufu ya upana wa kiganja, nayo yatosha kulizuia behewa la upande mmoja lisiingie upande wa pili. Kwa miaka mingi njia hizo mbili zilikaribiana bila kusaidiana. Kituo cha kuhamishia mizigo kilifunguliwa mwaka 1998, na kwa kawaida kinachovuka hapo ni mzigo, si behewa. Chuma kilikuwa imara pande zote mbili, na wafanyakazi walikuwa hodari. Kilichokosekana ni kipimo kimoja.

Wakati Mang'ula ikijengwa kwa imani kwamba Mtanzania ataielewa mashine kwa kuifungua, kompyuta ilichukuliwa kinyume kabisa. Ya kwanza serikalini, ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya matumizi yake katika hesabu za serikali kuleta hasara. Marufuku hiyo ilikuja kuondolewa miaka ya 1990. Wapo wanaoitetea, na hoja yao ina uzito: fedha za kigeni zilikuwa adimu, na nchi haikuwa na wataalamu wa kutosha. Lakini upungufu wa wataalamu ulikuwa sababu ya kufundisha, si ya kufunga mlango. Reli nayo ilikuwa teknolojia ngumu ya kigeni, na hakuna aliyependekeza ipigwe marufuku kwa sababu madereva wa treni walikuwa wachache. Kizazi cha mafundi ambacho kingefungua kompyuta katika miaka ya 1980 kilipata chache za kufungua.

Ndiyo maana naitazama kompyuta ya kasha la mbao kwa heshima. Mpakato ndogo za bei nafuu zilienea baada ya Asus kutoa Eee PC mwaka 2007, yenye kioo cha inchi 7. Nyingi zilizofuata zilitumia prosesa ya Atom N270 ya mwaka 2008, ambayo joto lake limekadiriwa kuwa wati 2.5 tu. Kuihamisha si kazi ya kubahatisha. Waya wa kioo cha ndani usipochomolewa, mashine huweza kuendelea kutuma picha kwenye kioo kilichokufa, na skrini ya nje ikabaki nyeusi. Antena za Wi-Fi hupitishwa pembezoni mwa kioo, kwa hiyo anayetupa kifuniko bila kuzitoa hutupa na mtandao. Kitufe cha kuwashia hukaa kwenye utepe mwembamba unaochanika upesi. Na kwa joto la Ifakara na vumbi la mashine za kukoboa mpunga, kasha lisilo na tundu la kuingizia hewa chini na la kutolea juu litaua kilichookolewa. Ila yote hayo yanawezekana kwa sababu soketi ya VGA ya mwaka 1987 na ya USB ya mwaka 1996 hazimjali aliyetengeneza skrini au kibodi. Hapa behewa linavuka.

Kuna wanaosema kwamba ukarabati wa namna hii huhalalisha Afrika kuwa jaa la takataka za wengine. Hofu hiyo ni ya haki, na Uganda iliifanyia kazi kwa kuzuia kompyuta zilizotumika. Betri ya lithiamu iliyovimba ni hatari popote, na fundi hawezi kuipa maisha ya pili. Lakini mpakato iliyovunjikia Ifakara imeshafika Ifakara. Kuifungua hakuongezi taka, kunachelewesha. Hatari iliyo karibu zaidi inatoka kwa watengenezaji, ambao sasa huchomelea kumbukumbu na hata diski moja kwa moja kwenye madabodi na kupunguza soketi. Shule na halmashauri zinazoandika zabuni za kompyuta zingeweza kudai mashine zenye sehemu zinazochomoka, na kulikataa toleo lisilo nazo.