Mbwa Katika Msikiti wa Madina

Amepokea Bukhari kutoka kwa Abdullah bin Umar (r.a.) kwamba zama za Mtume (s.a.w.) mbwa walikuwa wakija na kupita msikitini, wala Masahaba hawakunyunyiza maji. Ibn Hajar anaona hiyo ni hali ya mwanzo, kabla misikiti haijawekewa milango. Basi asiishike Hadithi hii mwenye kumwachia mbwa wake azurure njia za watu. Ibn Umar huyo huyo ndiye aliyepokea kuwa anayefuga mbwa asiye wa mifugo wala wa kuwindia hupunguziwa thawabu zake kila siku. Kwa Imam Malik mbwa ni twahara, naam. Lakini Mshafii aendaye Alfajiri, akiguswa kanzu na pua yenye majimaji, yampasa aioshe mara 7, moja kwa udongo. Mfugaji yuko kwake, amelala.