Sambaza wa Ziwa Kivu na Mbinu Isiyoletwa na Mkoloni

Bukavu kuna maelezo yanayorudiwa kana kwamba hayana ubishi: Wabelgiji walileta sambaza, na pamoja naye wakatuletea namna ya kumvua. La kwanza ni kweli. La pili linaanguka mara tu ukiweka miaka yake sawasawa.

Vifaranga vya samaki huyu vilitolewa Ziwa Tanganyika na kumwagwa Kivu kati ya 1958 na 1960. Uvuvi wa taa na wavu wa kuinua, huu tunaouona kila usiku wa giza, ulianza kushika mizizi Kivu mwishoni mwa miaka ya 1970, bendera ya Ubelgiji ikiwa imeshushwa karibu miaka ishirini nyuma. Na msomaji mwenye subira atafute makala ya A. Collart ya 1960, iliyochapishwa katika jarida la kilimo la Kongo ya Ubelgiji. Kichwa chake kinamtaja Stolothrissa tanganicae, ndagala. Aliyestawi Kivu ni mwenzake, Limnothrissa miodon. Wapangaji walimngojea mmoja, ziwa likamlea mwingine. Walioshindwa kujua ni samaki yupi atakayepona wasipewe sifa ya kutufundisha kumvua.

Habari za kale zinajulikana. Moto wa Virunga uliziba njia ya maji ya kaskazini, ziwa likapanda hadi mita 1,463 juu ya bahari na kutokea kusini kwa Ruzizi, ambako maporomoko yaliwazuia samaki wa Tanganyika kupanda. Katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kuvuliwa. Wazee wetu walivua kandokando, kwa ndoana na mitego.

Mbinu mpya ilidai mengine kabisa. Mitumbwi mitatu huunganishwa kwa miti mirefu, nayo huitwa trimarani. Wavu mpana huning'inizwa chini yake, taa zikiwaka juu ya maji. Mwezi ukiwa mkubwa kazi hulala, kwa sababu mwanga wa taa haushindani nao. Usiku wa giza, vijidudu vya majini hupanda kutoka kilindini, sambaza huvifuata, na taa huwakusanya mahali pamoja. Hapo wanaume hushika kamba na kuinua kwa pamoja, wakiimba ili mikono isipishane. Upande mmoja ukichelewa, wavu hulala na samaki hutoka. Wimbo huo ni chombo cha kazi kama ilivyo kamba yenyewe.

Kweli, mradi wa FAO uliokuwa Gisenyi tangu 1979 ulisaidia sana upande wa Rwanda, na wavu wa kuinua ulikwisha kutumika Tanganyika. Lakini kujua uweke wavu kina gani, ukae ghuba ipi upepo ukigeuka, uanze kuvuta taa ikiwa imewaka kiasi gani, hayo hayaji kwa sanduku la mradi. Yalijaribiwa na wavuvi wa Idjwi, Kalehe na Bukavu, usiku baada ya usiku, kwa gharama ya mafuta yao wenyewe.

Mwaka 1986 Henri Dumont wa Ghent aliandika akiuliza kama sambaza wa Kivu si janga jingine la mazingira kwa Afrika. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa: samaki huyu alikuwa amemaliza Daphnia, kijidudu kikubwa cha majini kilichokuwepo kabla yake, na Dumont aliona akiba ya chakula ikielekea kukauka. Wengi waliomnukuu baadaye walishika neno janga, wakaacha kuja kutazama. Waliotazama walikuwa hapa hapa. Mwenyemali Kaningini wa chuo cha ualimu cha ISP Bukavu alitetea tasnifu yake katika chuo kikuu cha Namur mwaka 1995 juu ya ukuaji, uzazi na uvuvi wa sambaza katika beseni la Bukavu. Mwaka 2006 Mwapu Isumbisho, wa ISP hiyo hiyo, na wenzake walichapisha uchunguzi wa vijidudu vya ziwa, nusu karne baada ya samaki kuletwa. Daphnia hakurudi. Chakula kimepungua kuliko zamani. Sambaza bado yupo, na bado tunamla na bugali. Mimi nawaamini waliopima maji.

Hofu ninayoikubali ni nyingine. Sambaza wadogo hukulia karibu na ufuo, na ndiko vyandarua vya mbu vinakokokotwa mchana kweupe. Trimarani huvua katikati ya ziwa, mbali na malezi hayo. Kuwaweka wote katika kapu moja la "wavuvi haramu", kama inavyofanywa kwenye mikutano mingi, ni dhuluma. Rwanda hufunga uvuvi wake takriban miezi miwili kila mwaka. Upande wetu wa Kongo ufunge nao kwa tarehe zile zile, kwa kuwa samaki hajui mpaka.

Taa za karabai sasa zinaondoka, za betri zinaingia, na waliovuta kamba miaka ya kwanza wamezeeka. Ukiwa na babu au baba aliyekuwa kwenye mitumbwi hiyo, andika jina lake, ghuba aliyovulia na nyimbo alizoimba, kisha upeleke nakala maktaba ya ISP.