Uchoraji wa mandhari nje: Sanaa ya kushindana na jua

UCHORAJI wa mandhari nje ni ule ambao msanii huondoka chumbani mwake, akasimamisha turubai mbele ya mto, konde au bahari, na kuchora papo hapo kile anachokiona. Tofauti yake na uchoraji wa ndani si ya mahali tu bali pia ya muda. Chumbani mchoraji ana siku nyingi za kurekebisha kazi yake; nje, jua halimsubiri.

Chimbuko lake

Kwa muda mrefu wachoraji wengi wa Ulaya walitoka nje kuchukua michoro midogo ya kumbukumbu, kisha wakarejea ndani kuunda picha kamili. Kizuizi kimoja kikubwa kilikuwa rangi yenyewe. Rangi ya mafuta iliyokwisha kuchanganywa ilihifadhiwa katika vibofu vya nguruwe, ambavyo vilipasuka ovyo safarini na vikishatobolewa havikuweza kuzibwa vyema.

Mnamo 1841, John Goffe Rand, mchoraji Mmarekani aliyeishi London, alipata hataza ya tyubu ya bati laini ya kuhifadhia rangi. Tangu hapo mchoraji aliweza kubeba rangi zake zote mkobani. Reli nazo zikawafikisha wasanii wa Paris katika vijiji vya kando ya mto Seine na kuwarudisha mjini jioni.

Wasanii waliokita kambi Barbizon, karibu na msitu wa Fontainebleau, walikuwa wametangulia kuipenda kazi hii. Kule Normandy, Eugène Boudin ndiye aliyemshawishi kijana Claude Monet kuchora nje, bahari na mawingu yakiwa mbele ya macho yake.

Jina lililotokana na kejeli

Nchini Ufaransa, mlango wa riziki kwa mchoraji ulikuwa Salon, maonyesho rasmi ambayo majaji wake walithamini picha laini zilizomalizwa kwa uangalifu. Aliyekataliwa pale hakupata wanunuzi kwa urahisi.

Baada ya kukataliwa mara kwa mara, Monet, Camille Pissarro, Auguste Renoir, Alfred Sisley, Berthe Morisot, Edgar Degas na wenzao waliamua kujitegemea. Aprili 15, 1874, walifungua maonyesho yao wenyewe katika iliyokuwa studio ya mpigapicha Nadar jijini Paris. Miongoni mwa picha hizo ilikuwamo ya Monet ya bandari ya Le Havre alfajiri, aliyoipa jina 'Impression, soleil levant', yaani taswira ya jua linapochomoza.

Mhakiki Louis Leroy wa gazeti la Le Charivari aliidhihaki, akidai kuwa karatasi ya kubandika ukutani ambayo haijakamilika ilikuwa afadhali kuliko picha hiyo. Kutokana na jina la picha akawaita kundi zima Waimpreshonisti. Jina la dharau likawa la fahari. Walifanya maonyesho manane hadi 1886, na Pissarro pekee ndiye aliyeshiriki yote.

Mbinu zake

Kwa kuwa mwanga hubadilika upesi, mchoraji wa mtindo huu hutumia brashi kwa mipigo mifupi, ya haraka na inayoonekana wazi. Hachori kila jani; huweka doa la rangi mahali pake na kuliachia jicho la mtazamaji likamilishe. Rangi hupakwa juu ya nyingine ingali mbichi. Aghalabu huepuka nyeusi: kivuli hukichora kwa buluu au zambarau, maadamu kivuli nacho hupokea mwanga wa anga. Kadhalika huziweka kando kwa kando rangi zinazokinzana, kama buluu na ya chungwa, ili kila moja iing'arishe nyenzake.

Monet aliufikisha utaratibu huu mbali. Alipochora malundo ya ngano mwaka 1890 na 1891, alikuwa na maturubai kadhaa kwa pamoja, akibadilisha moja baada ya jingine kadiri mwanga ulivyobadilika. Hata hivyo, nyingi za picha hizo alizimalizia ndani.

Kwa anayetaka kujaribu katika nchi za ikweta kama yetu, jambo moja ni la kuzingatia. Jua letu hupanda upesi, hivyo mwanga mwororo wa asubuhi na wa jioni haudumu. Ni heri turubai dogo na kazi ya saa moja au mbili.

Gharama waliyolipa

Sanaa hii haikuwatajirisha wote. Katika vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870 na 1871, askari waliikalia nyumba ya Pissarro na kuharibu sehemu kubwa ya kazi zake za miaka mingi. Sisley alifariki katika ufukara Januari 1899; mwaka uliofuata picha yake ya mafuriko ya Port-Marly ikauzwa faranga 43,000.

Vincent van Gogh, aliyehamia Arles mwaka 1888, aliusukuma mtindo huu kutoka kuonyesha mwanga hadi kueleza hisia. Alikoleza rangi kuliko zilivyo na kupaka kwa mipigo mizito inayozunguka. Upepo mkali wa huko ulimlazimu kukita vigingi ardhini na kufungia kiunzi cha picha yake.

Ushahidi wa kazi hiyo ungalipo. Mnamo 2017, wataalamu wa jumba la makumbusho la Nelson-Atkins jijini Kansas City, Marekani, walitangaza kuwa wamekuta mabaki ya panzi yaliyonasa ndani ya rangi ya picha yake ya mizeituni ya 1889. Mdudu huyo alikuwa amekaa humo zaidi ya karne moja bila kugunduliwa.