Kuvunja runinga bapa nyumbani: nini kinaweza kumdhuru mtoto

Runinga bapa ikishapasuka kioo, mara nyingi inabaki na thamani ya vipuri vyake tu, kwa sababu kioo kipya hukaribia bei ya runinga nzima. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za mijini utakuta runinga mbili tatu zimeegemezwa ukutani zikisubiri kufunguliwa. Bodi huuzwa kwa mafundi, shaba na alumini huenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ni kazi inayolisha familia, na hatukuambii baba au kaka wa nyumbani aiache. Tunakueleza vitu gani vilivyomo ndani vinaweza kumdhuru mtoto au mama mjamzito, na ufanye nini.

Taa nyembamba zenye zebaki

Hapa ndipo pa kuangalia kwanza. Runinga za LCD za zamani, zile nene kidogo, zina taa nyembamba za kioo nyuma ya skrini, kila moja kama mrija wa kunywea soda. Runinga kubwa inaweza kuwa nazo zaidi ya kumi. Kila taa ina zebaki kidogo, miligramu chache tu, lakini ikivunjika ndani ya chumba kilichofungwa mvuke wake haunuki wala hauonekani. Mtoto mchanga anayetambaa yuko karibu na sakafu, na mvuke wa zebaki ni mzito kuliko hewa.

Runinga zilizoandikwa LED hazina taa hizo. Ukiwa na shaka, tazama lebo ya nyuma: alama ya Hg maana yake kuna zebaki.

Taa ikivunjika, toa watoto chumbani kwanza, pamoja na wanyama wa kufuga. Fungua madirisha na milango, kisha kaeni nje angalau dakika 10. Usifagie kwa ufagio, kwa maana ufagio hutawanya zebaki na wenyewe unabaki nayo. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, vumbi lililobaki libandue kwa selotepu, halafu pangusa kwa kitambaa kibichi. Vyote, pamoja na kitambaa, viingie kwenye chupa yenye kifuniko na kukaa nje ya nyumba. Kama wewe ni mjamzito, mwachie mtu mwingine kazi hii.

Umeme unaobaki baada ya kuchomoa

Watu wengi hudhani runinga iliyochomolewa haina umeme. Kwenye bodi ya umeme kuna kapasita kubwa, mfano wa kopo dogo, inayoweza kuhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa. Kwa kawaida umeme huo hupungua wenyewe, lakini kwenye bodi mbovu huenda usipungue. Runinga iliyofunguliwa isiachwe mahali mtoto anaweza kuifikia, hata kwa dakika tano za kwenda dukani.

Vumbi la risasi

Madini ya risasi yalitumika kulehemu bodi kwa miaka mingi, na runinga nyingi za plazma zina risasi kwenye kioo chenyewe. Umoja wa Ulaya ulianza kuizuia kwenye vifaa vipya mwaka 2006, hivyo runinga za karibuni zina kiasi kidogo sana. Shida ni kwamba zinazovunjwa mara nyingi ndizo za zamani.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na aliyepungukiwa madini ya chuma au kalsiamu hufyonza zaidi. Kwa mjamzito, risasi iliyohifadhiwa kwenye mifupa yake hutoka na kumfikia mtoto tumboni. Dalili huchelewa: mtoto anakosa hamu ya kula, tumbo linauma, choo kinakuwa kigumu, au anakuwa mzito kujifunza. Ni rahisi kudhani ni minyoo.

Nguo za kazi zibadilishwe kabla ya kumbeba mtoto, na zifuliwe peke yake. Pangusa sakafu kwa maji badala ya kufagia pakavu. Mkimpeleka kliniki, mwambie mhudumu kwamba nyumbani kuna kazi ya kuvunja vifaa vya umeme, kwa sababu hataweza kulikisia hilo. Kipimo ni cha damu. Usiache kunyonyesha kwa hofu tu; uliza kwanza.

Kuchoma waya

Hili tunalisema bila kuzunguka: msichome. Plastiki ya waya ikiungua hutoa sumu iitwayo dioksini, ambayo hutua kwenye udongo na kuingia kwenye chakula. Mwaka 2019 mayai ya kuku wanaojitafutia chakula Agbogbloshie, jijini Accra, ambako waya zilikuwa zikichomwa, yalipimwa. Mtu mzima akila yai moja tu angezidisha mara 220 kiwango cha siku kinachokubalika Ulaya. Waya imenywe kwa kisu, ingawa inachukua muda, na kuku wasidonoe mahali palipowahi kuchomwa.

Mabaki yapelekwe wapi

Kioo, taa na plastiki havina mnunuzi, kwa hiyo huishia jalalani au mtaroni. Nairobi kuna WEEE Centre, na Rwanda kuna kituo cha Enviroserve wilayani Bugesera. Vyote hupokea taka za kielektroniki. Kwingine, uliza ofisi ya mazingira ya manispaa yako. Kabla hujapata jibu, taa ambazo hazijavunjika zifunge kwenye magazeti, uziweke ndani ya boksi gumu na kuliinua juu, mahali ambapo mtoto hawezi kupanda.